Quedar: kitenzi cha Kihispania kinachobaki, kinachokaa na kinachopanga miadi

Aliyejifunza kwamba “quedar” ni ‘kubaki’ hafiki mbali. Siku ya kwanza mjini atasikia “¿Dónde queda la farmacia?”, akiingia dukani ataambiwa “te queda bien”, na jioni atakayemwalika chakula atamjibu “no puedo, he quedado”. Hapo hakuna aliyebaki wala kilichobaki. Ya kwanza inauliza duka la dawa liko wapi. Ya pili inasema nguo imekukaa. Ya tatu ni ya mtu anayeomba radhi kwa kuwa ana miadi na mwenziwe.

Mswahili ana bahati hapa, maana “baki” na “kaa” zetu zikishirikiana hubeba sehemu kubwa ya kazi za kitenzi hiki. Bahati hiyo ina mtego wake, na tutaufikia. Kwanza shika hili: ukiiona “quedar” usikimbilie kuuliza maana yake. Tazama kilichosimama mbele yake na kilichofuata nyuma yake, kwa sababu ndivyo vinavyoamua.

Umbo na matamshi

Herufi u baada ya q haitamkwi, kwa hiyo “que” ni ‘ke’. Herufi d ikikaa kati ya irabu mbili hulegea ikawa karibu na dh ya ‘dhahabu’, ila laini zaidi. Neno zima basi ni ‘kedhar’, mkazo ukiwa mwishoni. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo hubadilisha maana: “quedo” (KE-dho) ni ‘ninabaki’, lakini “quedó” (ke-DHO) ni ‘alibaki’. Vivyo hivyo “quede” na “quedé”. Alama ya mkazo si pambo, iandike na uitamke.

Mnyambuliko wake hauna ukaidi wowote. Wakati uliopo: quedo, quedas, queda, quedamos, quedáis, quedan. Uliopita: quedé, quedaste, quedó, quedamos, quedasteis, quedaron. “Quedáis” na “quedasteis” utazihitaji Hispania tu. Amerika ya Kilatini wingi wa ‘ninyi’ hutumia “quedan” na “quedaron”. Angalia pia kwamba “quedamos” ni moja kwa ‘tunabaki’ na ‘tulibaki’, na ni maneno mengine ya sentensi yatakayokuambia ni ipi.

Nyuso tatu

Kitenzi hiki huja kwa sura tatu, nawe uzitofautishe kabla ya jambo lolote.

Sura ya kwanza ni “quedar” tupu, bila kiambatisho: “queda pan”, mkate upo bado. 

Sura ya pili ina me, te, le, nos, os au les mbele yake, na mtu anayetajwa na neno hilo si mtendaji bali ni anayeguswa na jambo: “me queda pan”, nimebakiwa na mkate. 

Sura ya tatu ni “quedarse”, ambamo kiwakilishi na kitenzi ni vya mtu yuleyule: me quedo, te quedas, se queda, nos quedamos, os quedáis, se quedan. “Me quedo” ni ‘mimi nabaki’.

Kwa “me”, tofauti ya sura ya pili na ya tatu iko kwenye herufi ya mwisho ya kitenzi. “Me queda” ni kitu kinachonibakia. “Me quedo” ni mimi ninayebaki. Herufi moja, na sentensi imegeuka.

Kilichobaki, na aliyebakiwa

Anza na hii, kwa sababu ndiyo utakayoihitaji sokoni, kituo cha basi na jikoni. Kitenzi hutangulia, kitu hufuata, na kitenzi hufuata idadi ya kitu:

“Queda leche.” Maziwa yapo bado.
“Quedan dos huevos.” Yamebaki mayai mawili.
“No quedan entradas.” Tiketi zimekwisha.
“Quedan tres días para el examen.” Bado siku tatu kufika mtihani.

Kosa la kwanza ni kusema “queda dos huevos”. Mayai ni mawili, kitenzi lazima kiwe wingi. Kosa la pili ni kutia neno la umaalumu (el, la) pasipohitajika: anayetaka kusema maziwa yamekwisha husema “no queda leche”, si “no queda la leche”.

Ukitaka kumtaja mwenye kubakiwa, Kiswahili kinakupa mfano uliokamilika. Hatusemi ‘mimi nabaki shilingi elfu’, tunasema ‘nimebakiwa na shilingi elfu’. Kihispania nacho hakimfanyi mtu kuwa mtendaji: “me quedan veinte euros”, nimebakiwa na euro ishirini. Ukimtaja kwa jina, jina hutanguliwa na “a” na neno “le” hubaki palepale: “a María le quedan veinte euros”. Ukisema “María queda veinte euros” msikilizaji atakukodolea macho, kwani umemgeuza María kuwa fedha.

Sasa mtego wa wakati. Sisi tunasema ‘zimebaki dakika tano’, ‘nimebakiwa na mbili’, kwa -me-, kwa sababu -me- yetu hueleza hali iliyopo sasa. Mwanafunzi akiigeuza moja kwa moja huandika “han quedado cinco minutos”. Hali iliyopo sasa, Kihispania huisema kwa wakati uliopo: “quedan cinco minutos”, “me quedan dos”. Kila -me- ya hali inayoonekana mbele yako, igeuze kuwa wakati uliopo. Kosa hili huwafuata hata waliofika mbali katika lugha, kwa vile sentensi yenyewe haisikiki kama imevunjika, inasikika tu kama hadithi ya jana.

Maneno mawili ya jirani huchanganywa na hili. “Faltar” huhesabu kinachopungua kufikia jambo, na “sobrar” hutaja kilichozidi mahitaji. Kabla mpira haujaanza: “faltan cinco minutos para que empiece”. Dakika ya 85, mchezo ukiendelea: “quedan cinco minutos”. Baada ya karamu, sufuria ikiwa na wali ambao hakuna aliyeumaliza: “ha sobrado arroz”. Mipaka hii si ukuta, na watu huvuka, lakini ukiifuata hutakosea.

Misemo mitatu ya kubeba kama ilivyo: “¿queda mucho?”, ndilo swali la mtoto ndani ya gari, ‘bado mbali?’. “Queda mucho por hacer”, kazi bado ni nyingi. Muundo wake ni queda au quedan, kitu, “por”, kisha kitenzi kisichonyambuliwa, kama “quedan dos facturas por pagar”, bili mbili hazijalipwa. Na “no me queda más remedio que esperar”, sina budi kungoja.

Nguo

Hapa “kaa” yetu inaingia kama ufunguo kwenye kufuli. ‘Shati limekukaa’ ni “la camisa te queda bien”. Kilicho mtendaji ni nguo, na aliyeivaa ni me, te, le. Muulize muuzaji “¿cómo me queda?” ukitoka chumba cha kujaribia. Akisema “te queda grande” inakupwaya, “te queda apretado” inakubana, “te queda corto” haifiki.

Vivumishi hufuata jinsia na idadi ya nguo: “la falda me queda corta”, “los zapatos me quedan grandes”. “Bien” na “mal” hazibadiliki kamwe, na usiseme “me queda bueno” kwa nguo. Kwa kitu kidogo, Hispania watasema “pequeño”, na nchi nyingi za Amerika ya Kilatini “chico”. Rangi nazo zinaingia humu: “el rojo te queda bien”, nyekundu inakupendeza. Na kama vile kwetu cheo huweza kumpwaya mtu, Kihispania husema “el cargo le queda grande”. Sijui ni lugha ngapi zinapima vyeo kwa kipimo cha fundi cherehani, ila hizi mbili zinafanya hivyo.

Jihadhari na -me- tena: ‘limekukaa vizuri’ ni “te queda bien”. “Te ha quedado bien” ni sentensi sahihi yenye maana nyingine, kwamba kazi uliyoifanya imetoka vizuri.

Mahali

Hii ni fupi. “¿Dónde queda el baño?”, choo kiko wapi? “Queda a dos cuadras” katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini; Hispania watakuambia “a dos calles”. “Toledo queda a unos 70 kilómetros de Madrid.” Sharti ni moja: kitu kiwe hakihami. Nyumba, mji, mlima, kituo, sawa. Mtu au simu hapana: ‘Juan yuko ofisini’ ni “Juan está en la oficina”. Ukiongeza me au te unaonyesha umbali kwa upande wa mtu: “me queda lejos”, kwangu ni mbali, “te queda de camino”, ni njiani kwako.

Kupanga kukutana

Matumizi haya ni ya Hispania hasa, na huko husikika kila siku. “¿Quedamos el sábado?” ni mwaliko: tuonane Jumamosi? Ukishapanga unasema “he quedado con Ana a las cinco en la estación para tomar un café”. Sentensi hiyo ina viungo vyote, nawe vitenganishe: con kwa mtu, a las kwa saa, en kwa mahali, para kwa shughuli. Ukikosa kimojawapo si neno, ila ukivichanganya, mfano kuweka en mbele ya mtu, hutaeleweka.

“He quedado” peke yake, bila kutaja nani wala wapi, ni udhuru kamili na wa adabu. Haimaanishi ‘nimebaki’.

Kwa makubaliano badala ya mahali, ni “quedar en” na kitenzi: “quedamos en vernos el lunes”, tulikubaliana tuonane Jumatatu. Mexico, Colombia na Chile utasikia pia “quedamos de vernos”. Mazungumzo yakizunguka bila uamuzi, mtu huuliza “¿en qué quedamos?”, basi uamuzi ni upi? Hilo ni tofauti na la mwalimu anayeingia darasani na kuuliza “¿dónde nos quedamos ayer?”, jana tuliishia wapi?

Nje ya Hispania, “quedar con” kwa maana ya miadi haina nguvu hiyo. “Nos vemos el sábado” inaeleweka kila mahali, na ndiyo salama ukiwa hujui mwenzio anatoka wapi.

Kwa waongoza watalii wa Zanzibar au Serengeti, na kila aliyezoea saa za Kiswahili, hatari kubwa katika sehemu hii haimo kwenye kitenzi, imo kwenye saa. “Quedamos a las siete de la mañana en la recepción” ni saa moja asubuhi, si saa saba. Kichwa kikisikia “siete” mdomo hukimbilia ‘saba’. Toa sita kabla hujaandika kwenye ratiba. Kwa saa zilizo chini ya saba ongeza sita, ili “a las cinco y media” iwe saa kumi na moja na nusu. Kisha rudia kwa Kihispania, “quedamos a las siete, entonces”, ili mgeni athibitishe.

Jambo lilivyoishia

“Quedar” na kivumishi hutaja hali iliyopatikana mwishoni mwa tukio. “El coche quedó destrozado”, gari liliharibika kabisa. “Quedó claro”, ikaeleweka. “El equipo quedó segundo”, timu ilishika nafasi ya pili. Kivumishi hufuata mtendaji: “la casa quedó limpia”, “los niños quedaron contentos”.

Mpishi husifiwa hivi: “la sopa te quedó muy rica”, na Hispania “te ha quedado muy rica”. Humo “te” ni aliyepika. Ni sifa inayomfurahisha mwenye nyumba kuliko “está rica”, kwa sababu inautaja mkono wake.

Kwenye mabango utakuta “queda prohibido fumar”, ni marufuku kuvuta sigara. Polisi katika filamu husema “queda usted detenido”, upo chini ya ulinzi. Na “quedar bien” au “quedar mal” na mtu ni kujijengea au kujiharibia jina mbele yake: aliyealikwa asitokee wala asitume neno “queda mal”. Usiichanganye na nguo. Nguo huwa na me, te, le mbele, “te queda mal”. Aibu haina, “quedas mal”.

Quedarse

Ukiweka “se” unasisitiza kwamba mtu habanduki. “Me quedo en casa”, nabaki nyumbani. “Nos quedamos tres noches”, tunalala siku tatu. “¿Te quedas a comer?”, utakula nasi? Kauli ya kuamuru ni “quédate”, kwa heshima “quédese”, kwa wengi “quédense”; Argentina na Uruguay “quedate”, bila alama, mkazo ukiwa kwenye da. Mwaka 2020 ulimwengu wa Kihispania ulijaa wito “quédate en casa”. Kukataza huvuta kiwakilishi mbele: “no te quedes”.

“Quedarse sin” ni ‘kuishiwa’ yetu hasa: “me quedé sin saldo”, nimeishiwa salio, “se quedó sin gasolina”, aliishiwa mafuta, “se quedaron sin trabajo”, walipoteza kazi. Hapa -me- ya Kiswahili inakubali wakati uliopita wa Kihispania, kwa kuwa kuishiwa ni tukio lililotokea kwa mara moja.

“Quedarse con” ni kuchukua kitu kikawa chako. Dukani, ukishachagua: “me quedo con el azul”, nachukua cha bluu. Kwa dereva wa teksi: “quédese con el cambio”, chenji baki nayo. Huko Hispania “¿te estás quedando conmigo?” ni kitu kingine kabisa: unanitania, au?

Pamoja na kivumishi hutaja badiliko, mara nyingi la kupoteza au la kutopenda: quedarse ciego (kupofuka), sordo (kuwa kiziwi), viudo (kufiwa na mke), calvo (kupata upara). “Me quedé dormido” ni ‘nilipitiwa na usingizi’, nayo ndiyo sababu ya kawaida ya kuchelewa. Kushika mimba ni “quedarse embarazada” Hispania na “quedar embarazada” kwingi Amerika ya Kilatini. Kwa vivumishi kadhaa, kama “sorprendido”, zote mbili hukubalika. Usipoteze usiku kutafuta tofauti.

Mbili za mtihani: “quedarse en blanco”, kichwa kuwa kitupu mbele ya karatasi, na “quedarse de piedra”, kupigwa na butwaa.

Pale “kaa” inapodanganya

Kaa ya Kiswahili ni kuketi, kuishi, kudumu na kuchukua muda. “Quedarse” haichukui zote. ‘Ninakaa Mombasa’, kwa maana ya makazi, ni “vivo en Mombasa”. Ukisema “me quedo en Mombasa” umesema husafiri tena. ‘Kaa hapo’ ukimwonyesha mgeni kiti ni “siéntese”. “Quédese ahí” ni amri ya kutosogea, na mgeni atabaki wima akishangaa. ‘Nilikaa saa mbili njiani’ ni “tardé dos horas”. Lakini ‘tulia, usitikisike’ ni “quédate quieto”, na hapo kitenzi kinamkuta ndugu yake: “quedar” ilitokana na neno la Kilatini “quietare”, kutuliza, lenye mzizi mmoja na “quieto”.

Jipime

Geuza hizi kwa Kihispania kabla ya kutazama chini: (1) Tumebakiwa na mayai matatu. (2) Viatu vinampwaya Pedro. (3) Simu yangu imeishiwa chaji. (4) Nina miadi na daktari wa meno… hapana, na rafiki yangu Luis, saa mbili usiku. (5) Nilipanga kuonana na dada yako. (6) Nilibaki na mwavuli wa dada yako.

Majibu. (1) “Nos quedan tres huevos”. Ukiandika “han quedado”, rudi kwenye -me-. (2) “A Pedro le quedan grandes los zapatos.” (3) “Mi teléfono se quedó sin batería”, au “se ha quedado” Hispania. (4) “He quedado con Luis a las ocho de la noche.” Daktari wa meno nimemweka kwa makusudi: miadi rasmi ya hospitali, ofisi au saluni ni “tengo cita”, kwani “quedar con” ni ya marafiki na jamaa, na “he quedado con el dentista” itamfanya msikilizaji aulize mmeanza lini. (5) “Quedé con tu hermana.” (6) “Me quedé con el paraguas de tu hermana.” Hizi mbili za mwisho zisome kwa sauti mara kadhaa. Ukiongeza “me” kwenye ya tano, “me quedé con tu hermana”, umesema ulibaki naye. Na ukiitoa kwenye ya sita, umepanga kuonana na mwavuli.